Sauti Iliyonaswa Vizuri

Juzi nilikuwa studio moja ya Majengo, nasubiri kurekodi tangazo la duka la mbegu, akaingia dada mmoja aliyefiwa na mama yake. Mama huyo, mwanakwaya, alikuwa amerekodi hapo nyimbo zake za Kifipa kabla hajafariki. Binti alizitaka kwa ajili ya misa ya kumwombea.

Fundi akabonyeza. Feni ya kompyuta ikavuma kwenye spika, na nyuma yake sauti ya mbali, kama mtu anaimba nyumba ya jirani.

Fundi akavua kofia. "Pole dada. Nilihamia mfumo huu wa bure wa kompyuta, ule wa wizi ulijaa virusi. Kumbe haukuitambua maiki ya studio. Ukarekodi kwa maiki ya kompyuta yenyewe, kimyakimya."

"Na wewe hukusikiliza?"

"Hedifoni zimechomekwa kwenye mashine ya maiki, si kwenye kompyuta; humo nilimsikia safi kabisa. Tulipomaliza umeme ukakatika, sikurudia kusikiliza."

Siulaumu mfumo, hata safu hii naiandikia humo. Ila wanaotengeneza vifaa vya studio hutukumbuka mwisho sisi tunaotumia mifumo ya bure, na mafundi wetu wanaamini mistari ya sauti ikicheza kwenye skrini basi kazi imekwisha.

"Acha iendelee," dada akasema, kiganja mdomoni. Wimbo ukaisha. Mama akauliza kitu, hakikusikika. Halafu ikaja sauti ya karibu, safi, ya fundi mwenyewe aliyekuwa amekaa mbele ya kompyuta:

"Imenasa vizuri, mama. Huna haja ya kurudia."