Damu Ambayo Muthamia Hataki Kutoa

Muthamia, ndugu wa marehemu mume wangu Mwenda, alisema mbele ya kaburi kwamba nilimuua kwa uji. Alinishika mkono nisitupe udongo, na kijiji kizima cha Muthara kikaona. Kwetu, mjane aliyezuiwa udongo ni kama amekiri. Ni miaka kumi na mmoja, na bado mtu akikubali chai yangu, mwenzake humkonyeza.

Sikusoma. Kazi yangu ni kufunga miraa kwa nyuzi za mgomba. Mwenda alikonda, akawa anashiba kwa vijiko viwili. Hospitalini waliingiza kamera tumboni, wasione uvimbe. Basi ni sumu, akasema Muthamia. Ni kweli nilimpa uji wa wimbi uliochacha. Hakuna kingine kilichopita kooni mwake.

Mwaka huu Muthamia naye alianza kushiba kwa vijiko viwili, na anapikiwa na mke wake Jedidah. Meru mjini walikata kipande kidogo cha tumbo lake, wakakuta saratani. Daktari, mama anayeitwa Gladwell, aliuliza habari za ukoo. Jedidah akamtaja Mwenda, akamtaja na baba yao aliyekwenda vivyo hivyo, kisha akanipigia simu kwa siri nimpeleke binti yangu Kinya kwa daktari huyo.

Gladwell aliona vidole vyangu vyeusi kwa utomvu wa mgomba, akauliza kazi yangu, akanieleza kwa mfano wa miraa. Chembe za mwili hushikana, alisema. Kuna vitu vidogo mno vinavyozifunga pamoja, kama nyuzi zako zinavyofunga miraa. Hata ubongoni vimo vya namna hiyo, na vikiharibika vinaweza kuleta magonjwa mengine, kifafa kikiwamo. Kuna koo ambazo mtoto hurithi kifungo kibovu cha tumbo. Chembe huachana na kutambaa mojamoja bila kufanya uvimbe, kamera ikapita isione.

Nikamuuliza kama uji unaweza kukata kifungo hicho. Akasema hapana. Nilimwomba aseme tena.

Lakini kama Mwenda alirithi, Kinya ana nafasi moja kati ya mbili ya kuwa nao ubovu huo. Ukijulikana mapema, kuna la kufanya kabla saratani haijaanza. Ili kipimo chake kiaminike, ni lazima kwanza wapime damu ya mgonjwa wa ukoo, wajue ubovu wa kutafuta. Mgonjwa aliye hai ni mmoja.

Nilimkuta Muthamia ameketi juani, amevaa sweta mbili. Nilimweleza yote.

“Mama Kinya,” akasema, “nikitoa hiyo damu watu watasema nilikusingizia.”

“Ulinisingizia.”

“Basi ngoja nife kwanza, ndio uwaambie.”

“Ukifa, mtoto atapimwa kwa damu ya nani?”

Akageuza kiti, akanipa mgongo.

Kinya ana miaka ishirini na mitatu. Juzi aliacha nusu ya chapati akisema ameshiba, nikamkodolea macho mpaka akakasirika.

Jina langu jema, Muthamia anaweza kwenda nalo kaburini. Lakini chupa moja ndogo ya damu anadaiwa na mtoto wa ndugu yake, na bado yuko hai, anaweza kuitoa.