Mvua Niliyoipeleka Ruaha Mbuyuni

Nilisafiri kumzuia dada yangu Salome asivune vitunguu. Majirani walikuwa waje kumng'olea Alhamisi, maana kule husaidiana kwa zamu, na vitunguu vikishang'olewa huachwa shambani siku kadhaa vikauke. Vikinyeshewa hapo, vinaoza. Tangu afiwe na mume, shamba hilo ndilo linalomlisha. Utabiri ulisema Alhamisi mvua. Nilimpigia simu, akacheka, akauliza watoto hawajambo.

Mbeya, Jumatano alfajiri, nikapanda basi. Mimi ndiye niliyeandika makala ndefu kuhusu vyombo vipya vya setilaiti vinavyopima joto na unyevu wa hewa tabaka kwa tabaka, na jinsi vilivyouboresha utabiri. Nyumbani kwangu hawaniamini hata kuhusu kuanika nguo.

Tulipopita Nyololo kulikuwa na ukungu, nikafarijika. Ipogolo jua lilikuwa kali, nikafungua tena simu: utabiri bado ulisema mvua. Tulipoteremka hadi Ruaha Mbuyuni nilikuwa natoka jasho, na si la joto tu.

Dada alikuwa anachagua maharage ya kuwapikia wageni wake. Nilimweleza yote, hadi unyevu wa angani. Alinisikiliza, akajifunga khanga, akaenda nyumba kwa nyumba kuahirisha. Jirani yake, Baba Festo, aliuliza kama hiyo setilaiti itakuja pia kung'oa.

Alhamisi kulikucha kweupe. Sijawahi kuiombea familia yangu hali mbaya ya hewa kwa moyo kama siku ile. Baba Festo alipita kunisalimia, akapita tena, kila mara akitazama juu kwa heshima kubwa.

Alasiri upepo ukageuka. Mvua ilishuka kwa kishindo, vitunguu vikiwa salama ardhini. Baba Festo alikimbilia barazani kwetu, akapewa maharage, akala.

"Dada, kwenye simu si nilikwambia hivi hivi?" nikasema.

"Kwenye simu ulikuwa unasoma, mdogo wangu. Nilikubali nilipokuona umetoka Mbeya yote hiyo, na viatu vya kanisani, umeogopa."

Ijumaa nilirudi, nimepakata mfuko wa nyanya nisizoziomba. Njiani niliiwaza ile makala yangu. Niliandika kwamba habari ya mvua sasa inatoka angani na kumfikia mkulima mara moja. Nitasahihisha: ilifika Mbeya mara moja. Kutoka hapo hadi kwa dada, ilipanda basi.