Kile Ambacho Bidoni Halikusema

Nakumbuka siku moja hapa Bunia, mwanangu, nilipompakia mjomba wangu nyuma ya moto yangu, yaani pikipiki, na moto ikakataa kupanda kilima. Usicheke bado. Mjomba alikuwa mzito kuliko magunia yote ya soko, lakini kosa halikuwa la mwili wake. Lilikuwa la mafuta ya moteri, yale ya injini, tena mafuta ya bei kali, kwenye bidoni, dumu dogo la rangi ya dhahabu.

Ilikuwa miaka ile ambayo risasi zilikuwa zimenyamaza, lakini watu walikuwa bado wanalala na viatu. Mama yangu alikuwa kule Bambu, milimani, kwa dada yake, tangu tulipotawanyika. Habari ikatufikia kwamba njia imetulia, nami nikaapa nitamfuata mwenyewe kwa moto yangu. Lakini njia ile ilikuwa ya mchana tu. Kuharibikiwa mlimani jua likishuka, na mama nyuma yako, hilo sikutaka hata kuliota. Ndiyo maana nikaitafutia moto yangu mafuta bora kuliko yote duniani.

Nilikuwa nimemaliza masomo ya usiku hivi karibuni, na cheti changu kilipanguswa vumbi kila asubuhi, zaidi ya hiyo moto yenyewe. Nilisoma kila kitu chenye herufi: mabango, sabuni, hata karatasi za kufungia maandazi. Dukani nikalikuta bidoni lile. Limeandikwa kwa Kifaransa kikubwa: sintetiki, yaani ya kuundwa kiwandani, asilimia mia, inapunguza msuguano, inaokoa esansi, petroli yako, inadumu safari ndefu. Nililisoma kwa sauti mpaka wateja wengine wakanyamaza. Nikanunua, nikamimina, nikatembea siku chache katikati ya mji, palipo tambarare. Moteri iliimba kama kwaya ya Pasaka.

Sasa, mjomba wangu, kaka wa mama, alikuwa mfugaji na mchuuzi wa ng'ombe. Ng'ombe wake wakinywa, mto ulipungua (haya, nimezidisha kidogo). Alipokwenda kununua mnyama, alimwacha muuzaji asifu mpaka mate yamkauke. Kisha alisema, “Sasa uniambie ile haujasema.” Halafu alimpandisha ng'ombe huyo mlimani yeye mwenyewe, akamshusha, akamtazama anavyokanyaga, ndipo alipotoa mkono wa kukubaliana.

Akaja kwangu, mtaa wa Ngezi, siku moja kabla ya safari. Nikamsomea bidoni lote, mbele na ubavuni, nimesimama wima kama nipo kwenye mtihani.

“Muzuri,” akasema. “Imesema mingi. Ile haijasema ni gani?”

“Mujomba, hii si ng'ombe.”

“Weye unaenda kubeba dada yangu juu ya kitu haujapandisha mulima? Leta moto. Leo mimi ndiyo muzigo yako.”

Tukaenda kwenye kilima kilicho nyuma ya mtaa. Nikazungusha mkono wa gesi. Moteri ikapiga kelele ambayo okapi wa msitu wa Epulu waliisikia wakainua masikio, lakini gurudumu lilikwenda taratibu kama bibi arusi. Nikavuta zaidi. Kelele ikazidi, mwendo ukapungua. Tukasimama, kisha tukaanza kurudi kinyumenyume, mjomba amekaza miguu yote miwili ardhini, anacheka mpaka kofia ikamwanguka.

“Moteri yako iko inapiga kelele, mutoto, lakini inaongea na nani? Gurudumu haisikie!”

Nilicheka kwa mdomo tu. Nilikuwa naiona milima ya Bambu, na mama yangu ameshuka kandokando ya njia, ananitazama nikisukuma.

Tukarudi dukani hapohapo. Mjomba akaliweka bidoni mezani, akamwambia muuzaji, “Utuambie ile hii haijasema.”

Muuzaji akakuna kichwa, akaligeuza nyuma, kwenye herufi ndogo kama mayai ya chawa. “Muzee, hii ni ya gari. Ambreyaje ya gari, ile inashika nguvu ya moteri na kuipeleka kwa gurudumu, inakaa pakavu. Ya moto yenu inaoga mu mafuta ileile ya moteri. Kupunguza musuguano ni kweli kabisa. Lakini ambreyaje bila musuguano itashika na nini? Inateleza tu.”

“Na mbona haukumuambia?”

“Muzee, aliisoma kama padri! Ningeingilia misa?”

Akatupatia bidoni jingine, nalo sintetiki, la kijivu, halina mbwembwe. Nyuma lilikuwa na herufi mbili, MA, alama ya mafuta ya moto ambayo ambreyaje yake inaoga. Namba yake ya kuonyesha mafuta ni mazito au mepesi ililingana na ile ya kitabu kilichokuja na moto yangu, kitabu ambacho nilikuwa nimekiweka chini ya mguu wa meza isitikisike. Fundi wa hapo nje ya duka akamwaga yale ya dhahabu, akafungua ambreyaje, akasafisha diski zake, akatia haya. Jioni hiyo mimi na mjomba tulipanda kilima, tukashuka, tukapanda tena, mpaka majirani wakadhani tumerogwa.

Kesho yake nilikwenda Bambu, nikampakia mama, na kuku wawili, na gunia la maharage. Kwenye mlima mrefu kuliko yote moto ilinguruma chini kwa chini na kupanda, kupanda, kupanda. Nikasikia mama mgongoni: “Papa, mutoto yangu, mbona haupumue? Ni moto inapanda, si weye.” Kumbe nilikuwa nimebana pumzi tangu chini! Niliiachia yote kwa mara moja, nadhani ndiyo iliyotusukuma mpaka Bunia. Jua lilikuwa bado juu.

Basi sikia, mwanangu, wewe uliyenunua moto juzi. Mtengenezaji wa mafuta si lazima awe mwongo. Neno “sintetiki” linakwambia mafuta yalivyotengenezwa, halikwambii ni ya chombo gani. Uliza kwanza ahadi imetolewa kwa nani: kwa gari, au kwa moto kama yako. Toa kitabu chini ya meza, ulinganishe namba, utafute ile MA. Safari ndefu wanayoisifu ilipimwa kwenye barabara yao. Wewe una vumbi letu na milima yetu, kwa hiyo badilisha mafuta kitabu kinaposema, si rangi ya bidoni inaposema. Kisha mpakie mtu mzito, upande kilima kilicho karibu na nyumbani, mahali ambapo ukikwama utachekwa tu.

Mungu aibariki mikono yako kwenye usukani. Kila unayempakia ashuke kwa miguu yake mwenyewe, mlangoni pake, jua likiwa bado juu.