Mwonjaji wa Maepo ya Baba

Dawa ile ilinuka kama kitunguu saumu kilichooza ndani ya mafuta ya taa. Jumamosi asubuhi ilishaingia kwenye uji, kwenye nguo, kwenye nywele za mama. Shamba letu la maepo, shuleni wanayaita matufaa, lilikuwa Mshangano, mji wa Songea unapoishia, miti ambayo babu alipewa miche yake misheni. Baba anabeba bomba mgongoni, linavuja, shati limelowa, anapuliza mti mgonjwa na mzima, yote. Mimi kuandika sijui, mjukuu ndiye anaandika na ananicheka, maana namwigiza baba alivyokohoa: khu, khu, "Kandida, leta maji."

Adui yetu alikuwa kidudu kinachojifunika pamba nyeupe kwenye matawi, ukikiminya kinatoa maji mekundu kama damu. Zamani dawa ilitoka ushirika, kidogo, na bwana shamba anakuja nayo. Yule alisemea puani, polepole, kama anasoma misa: "Mzee, kagua kwanza. Mti usio na mdudu usiupulizie." Ikaja miaka ya ruksa. Maduka yakafunguka, dawa ikauzwa kwenye chupa yoyote, haina hata karatasi, na muuza duka anaongea haraka kama kuku aliyeona mtama: "Ongeza kifuniko kimoja mzee, ongeza viwili, watakufa wote." Baba akaongeza. Kila alipoongeza, pamba nayo ikaongezeka.

Mnunuzi wetu alikuwa Bwana Athumani, mfanyabiashara wa Tunduru, anapakia matenga yetu kwenye basi la kwao. Msimu ule alisikia watu wanasema maepo yetu yana sumu, akaweka sharti. "Wallahi mimi sibebi kitu ambacho mwenyewe hali. Mwite binti aonje." Basi kila Jumatatu nasimama stendi, baba ananichagulia epo, nauma, nameza, Bwana Athumani ananitazama usoni muda wa sigara moja, halafu anasema, "Alhamdulillahi, pakia." Nilivyoringa! Sare yangu ya kuanzia la kwanza ilishashonwa, imetundikwa ukutani, lakini kula epo mbele ya watu niliona ni kazi kubwa kuliko shule. Jioni nilikuwa natapika. Mama alisema ni minyoo. Baba akatoka nje kuosha bomba.

Wiki moja mvua ilinyesha Jumamosi, baba akapuliza Jumapili baada ya kanisa. Kesho yake stendi akachukua epo, akalifuta kwa shati, akaligeuza, akalifuta tena. Mkono ulikuwa unamtetemeka, ulishaanza siku nyingi. Nikafungua mdomo. Akalirudisha kwenye tenga.

"Vipi kaka," Bwana Athumani akamtania, "leo binti amefunga?"

"Usipakie," baba akasema.

Tulirudi na matenga yote, akayafukia nyuma ya nyumba. Mama alisimama akamwangalia anavyochimba, mwisho akamwambia, "Baba Kandida, kwa hiyo ulikuwa unajua." Mimi naigiza sauti za watu wote, lakini sauti ile ya mama siiigizi.

Dawa akaacha. Sasa wadudu nani awaue? Mikono. "Mwaka mmoja tu, mama," baba akanibembeleza, na sare ikabaki ukutani. Nikasugua matawi kwa brashi na maji ya sabuni, mti kwa mti, vidole vyekundu mpaka kwenye kucha. Msimu uliofuata bwana shamba akapita, akatuonyesha vile vidudu vimekuwa vyeusi, kila kimoja na kitundu mgongoni. Kuna kinyigu kidogo kuliko punje ya ulezi, kinawala kwa ndani. Akasemea puani kwake: "Hawa ndio walinzi wenu, mzee. Mlikuwa mnawaua kila Jumamosi."

Kumbe hata mikono yangu haikuhitajika sana. Lakini sare ilishanibana, akapewa mdogo wangu, na habari ya la kwanza hakuna aliyeitaja tena. Mikono ya baba haikuacha kutetemeka. Mwishoni kikombe kilimshinda, nikawa namnywesha mimi.

Siku hizi miti ile haipo, pamejengwa nyumba. Maepo ya sokoni yanatoka mbali, yanang'aa kama yamepakwa mafuta, yamebandikwa karatasi ambayo siwezi kuisoma. Mjukuu akinunua, namnyang'anya. "Bibi, umeanza," ananiambia, kwa sauti ya kudeka ambayo nayo naiigiza. Nauma mimi kwanza. Nakaa kimya muda wa sigara moja, ndipo nampa.