Pale Mama Alipoitikia

Mimi sikuumbwa na subira. Mama alipenda kusema kwamba nilizaliwa kabla mkunga hajanawa mikono, na sioni kama alitia chumvi. Mahali pekee niliponyamaza kwa hiari yangu ni katikati ya wimbo, kanisani.

Kanisa letu la Wakongomani lilikuwa ghorofani, juu ya duka la matairi karibu na Warwick, mjini Durban. Mwaka 2008 nilikuwa na miaka kumi na tisa, na mimi ndiye niliyeanzisha nyimbo. Kulikuwa na wimbo mmoja niliotunga mwenyewe, wenye swali: "Nani aliyenivusha?" Ukishauliza unafunga kinywa, na kanisa linaitikia, "Ni yeye." Mama ndiye aliyetangulia kuitikia, kutoka safu ya tatu, kwa sauti nzito iliyochelewa kidogo, kisha wengine wakamfuata. Hakuna aliyenifundisha kumwachia nafasi ile. Nilidhani kuimba ndiko huko.

Siku za kazi nilisuka nywele katika saluni moja ya Pinetown, nikiimba juu ya vichwa vya watu. Mteja mmoja alipeleka habari zangu kwa mpiga kinanda, Mtanzania aliyekuwa na bendi ndogo kwenye hoteli ya ufukweni na aliyetafuta mwimbaji wa muziki wa soul. Nilikwenda mbio. Nilikuwa nimechoka kunuka mafuta ya nywele, na kusema kweli nilikuwa nimechoka pia kuwa sauti ya pale ghorofani.

Ijumaa ya kwanza niliimba wimbo wa mapenzi, na kila mwisho wa mstari nikafunga kinywa, nikangoja. Nilichosikia ni visu vikigonga sahani.

"Dada, mbona unaacha mapengo?" mpiga kinanda aliniuliza wakati wa mapumziko. "Hawa wanakula kamba, nani akuitikie? Jaza mwenyewe. Sharp?"

"Sharp," nikakubali, masikio yakiniwaka kwa aibu.

Nikajifunza kujaza. Neno la mwisho la mstari nililivuta, nikalipandisha, nikalishusha na kulililia mpaka mstari mwingine ukaanza. Watu wakaanza kuweka visu chini. Nikaitwa kwenye harusi, kisha Johannesburg, kisha kwenye kumbi ambazo picha yangu ilibandikwa mlangoni, na saluni nikaiaga. Bado sikutulia. Nikiwa jukwaani niliwaza safari, na nikiwa safarini niliwaza jukwaa. Kanisani niliingia kwa kuvizia na kukaa karibu na mlango. Wazee walininunia. Mama alisema tu, "Sauti ni yako. Lakini usikuwe unaimba na njaa."

Mwaka 2015 barua ikaja: Mama na wadogo zangu wamekubaliwa kuhamia Kanada. Mimi sikuwamo. Miaka mingi nyuma niligombana na Mama kwa jambo la kipuuzi, nikajitoa kwenye faili lake la ukimbizi na kufungua langu mwenyewe. Haraka haraka haina baraka. Nilibaki Durban na faili langu. Mama aliniomba kitu kimoja, kwamba Jumapili ya kuagwa kwake nimwimbie ule wimbo wetu wa swali.

Nikasimama mbele. "Nani aliyenivusha?" nikauliza, na kabla sijajitambua nilikuwa nimeshajaza. Nilimwona Mama akifungua kinywa, akakifunga. Mara ya pili nilijiambia, sasa nyamaza. Sikuweza. Kimya cha nusu pumzi kilinitia hofu, nikakifukia kwa sauti. Mara ya tatu Mama hakujaribu tena. Nilipomaliza, kanisa zima lilinipigia makofi. Watu wale hawakuwahi kunipigia makofi hata siku moja, na nilitamani sakafu ipasuke initeremshe kwenye matairi.

"Mwana yangu, umeimba muzuri sana," Mama aliniambia kwenye ngazi. "Nilitafuta fasi ya kuingilia, sikupata." Hakuwa na hasira. Angenigombeza, maumivu yangepungua.

Jumanne mchana, siku moja kabla ya safari, tulikuwa nyumbani kwake Cato Manor tukifunga masanduku. Moja lilikataa kufunga. Nikalikalia, naye akalizungushia kamba. Sikupanga kuimba. Niliuliza tu, "Nani aliyenivusha?" na palepale nikajaza.

"Ona!" Mama akacheka mpaka akaachia kamba. "Eish, huyu mutoto!"

Nikauliza tena, na safari hii nikaziba kinywa kwa kiganja. Mama akavuta fundo, akalijaribu, akalikaza upya. Akanyoosha mgongo. Nilidhani amenisahau, na wimbo wote ulinijaa kooni ukitaka kutoka. Kisha nikamsikia akivuta pumzi, taratibu, kama mtu aliyejua atangojewa. Akaitikia. Ilikuwa zamu yangu kuendelea, lakini kiganja sikukiondoa, maana nilikuwa nalia.