Siku Sigara Alipolala Shambani

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, kazi yangu msimu wa kulima ilikuwa kutangulia mbele ya maksai ili wasipinde mstari. Wazazi wangu walihamia Kimamba kutoka Usukumani na plau moja na bibi, mama yake baba, aliyekuja na miiko yake yote. Mmoja ulisema hivi: mkono uliompiga mtu nyumbani usimfunge ng'ombe nira siku hiyo. Ukimfunga, ng'ombe atalala shambani.

Baba alisifika kwa kufunza maksai. Fimbo hakuitumia. Mnyama mchanga alimfunga nira na mkongwe, akamwita jina kwa sauti ya chini, na kila alipokanyaga vizuri akamkuna shingoni. Watu walimletea maksai wao wakaidi hata kutoka Kilangali.

Asubuhi ile alimpiga mama kofi kwa sababu ya uji ulioungua. Mama hakulia. Alifunga nguo zake kwenye kitenge, akasema akimaliza kupanda anarudi kwao.

"Leo usilime," bibi alimwambia baba.

"Mama, mvua haingoji miiko."

Mstari wa tatu, Sigara, maksai wetu mpole kuliko wote, alipiga magoti akalala. Baba alivuta, akapiga mluzi, akaita. Sigara alitazama pembeni tu. Ndipo baba akachuchumaa kwenye udongo, akamkumbatia shingo.

"Nisamehe, Sigara. Nimeamka vibaya."

Mama alikuwa nyuma ya plau na kopo la mbegu.

"Baba Neema," alisema, "aliyepigwa ni mimi."

Baba alibaki pale chini, mikono bado shingoni mwa Sigara. Nilisubiri amwombe na mama radhi. Hakumwomba. Hilo lilinitisha kuliko ng'ombe kulala.

Sigara aliinuka mwenyewe baadaye. Mama alipanda mpaka mbegu zikaisha, akaondoka na mdogo wangu mgongoni. Hakurudi kuishi nasi tena.

Sijui kama Sigara alijua lolote. Huenda alichoka tu. Miaka mingi nilimdhania baba kuwa mtu asiye na upole, na haikuwa kweli. Alikuwa nao tele, ila aliumaliza wote shambani. Uzeeni mwake nilimuuliza kwa nini hakumwomba mama radhi siku ile.

"Ng'ombe nilifundishwa na baba yangu," akasema. "Mke nilidhani nishamjua."

Nilishindwa kumlaumu. Nilishindwa pia kumwambia kwamba mama alifanya vizuri kuondoka, ingawa ndivyo ninavyoamini.