Kitambaa cha Mama juu ya kompyuta

Jamani, nipeni ushauri.

Kompyuta ya chuo, niliyopewa na profesa wangu kwa utafiti, iko sebuleni kwetu Manzese tangu Ijumaa, inapiga hesabu ya mwanga wa nyota zinazozaliwa kwenye galaksi ya kuigiza. Haitakiwi kuzimwa mpaka imalize.

Leo wamekuja washenga kumposa dada. Mama, kwa heshima ya wageni, akaifunika yote kwa kitambaa chake cha kufuma, kama anavyofunikaga redio.

Mshenga mkubwa akanusa. "Mbona kama kuna kitu kinaungua?"

"Nyota, mzee," nikaropoka.

Nikakivuta kitambaa. Kina moto kama kimetoka kupigwa pasi.

Hapo ndio nikashtuka kweli. Nyota changa nazo hufunikwa na vumbi, linameza mwanga, linatoa joto. Mie vumbi sikuliweka kwenye hesabu, kwa hiyo jibu lote litatoka kombo.

Profesa anataka kazi kesho. Nyie mngemwambia nini?

Mama huku kashakirudisha kitambaa.